Mbona Huyu Binti Umemfanya Hana Akili?

Swali hilo niliulizwa na mama muuza viazi wa Uyole, huku anahesabu noti za rejesho la mkopo. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba mwaka 2021, ile baridi ya Uyole inayopenya jaketi mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi nyuma ya duka la mwenyekiti wa kikundi, wanawake 12, kila mmoja na daftari lake mkononi. Yeye alikuwa amejifunga khanga kiunoni juu ya sweta la mtumba, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa udongo wa viazi. Alizitandaza noti juu ya daftari, akazigeuza moja moja mpaka zote zikalala upande mmoja, ndipo akasema bila kuinua macho:

"Afisa, ile hadithi yako binti yangu amenisomea. Mbona huyu binti umemfanya hana akili? Mtu kazi yake kuhesabu hela za watu, anasahauje nauli?"

Wenzake walicheka kidogo. Niliandika "amelipa" kwenye karatasi yangu, nikashukuru, nikapanda daladala kurudi mjini. Kuanzia Uyole mpaka Mafiat nilikuwa nabishana naye kichwani, na kila nilipofika mwisho wa hoja yangu nilikuta yeye ndiye aliye sahihi.

Nilikuwa na miaka 27. Mchana nilikuwa afisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha hapa Mbeya, na usiku nilikuwa naandika simulizi kwenye simu. Wanaofanya kazi hii wanajua inavyokwenda: unafungua kundi la WhatsApp, unatoa sehemu kumi za mwanzo bure, halafu anayetaka kuendelea anakutumia 1,000 na unamwingiza kundi la pili. Simulizi yangu ilimhusu Atu, kifupi cha Atupele, jina la Kinyakyusa lenye maana kwamba Mungu ametupa. Atu alikuwa na kazi kama yangu, mchumba kama wangu, na mama kama wangu. Katika sehemu ile aliyosomewa mama wa Uyole, Atu anakwenda kutambulishwa kwa wakwe. Anasahau nauli, anateleza kwenye tope la Sokomatola, anapeleka hotipoti la ndizi nyumba isiyo yake, na bosi akipiga simu anamwita "mpenzi". Nilidhani nimeandika kitu cha kuvunja mbavu.

Kuanguka kule nilikuwa nimekutoa kwenye kitabu. Miaka miwili kabla, kwa muuza vitabu vya mitumba Mwanjelwa, nilinunua nakala iliyochakaa ya Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding. Habari za Bridget zilianza mwaka 1995 kama safu ya kila wiki kwenye gazeti la The Independent la Uingereza, na mwaka uliofuata zikawa riwaya. Ni msichana wa London mwenye miaka thelathini na kitu, hana mume, ana kazi inayomchosha na mama anayempangia wanaume. Nilikisoma kwa kamusi, sehemu nyingine mara tatu, na nilicheka peke yangu usiku mpaka dada yangu akagonga ukuta. Nilipoanza kuandika nikachukua kile nilichoona kinachekesha, yaani msichana anayejiaibisha mbele za watu.

Baada ya maneno ya mama wa Uyole nilikirudia kitabu kile kwa jicho jingine. Kumbe jambo lililokuwa likinichekesha lilikuwa mwanzoni mwa kila siku ya shajara, na mimi nililiruka. Kila siku Bridget anaanza na hesabu: kilo zake, sigara alizovuta, pombe aliyokunywa. Anajipima kwa mizani aliyopewa na watu wengine, na anaipima kweli, kwa uaminifu wa karani. Tunacheka kwa sababu tunaona jinsi anavyojitahidi. Msichana asiyejitahidi hachekeshi, na asiye na akili hawezi hata kujua kwamba amechelewa.

Nikafuta sehemu sita. Ziliniuma, maana kila sehemu ilikuwa usiku mzima. Nikaanza upya, na safari hii Atu alikuwa anafungua kila siku kwa hesabu zake mwenyewe:

"Salio: 6,400. Simu za nyumbani nilizoshindwa kupokea: 4. Siku za kufika mshahara: 9. Michango niliyoahidi: kicheni pati 30,000, sendofu 50,000, paa la kanisa 20,000. Vikundi vilivyochelewesha rejesho: 2. Meseji za mchumba: 1, inasema 'poa'."

Ndani ya saa moja kundi zima lilikuwa linaandika hesabu zake. Muuguzi mmoja wa Njombe aliweka zamu za usiku alizofanya mfululizo. Mwalimu wa Makete aliweka kilomita anazotembea kutoka anakoshukia gari. Mwingine aliandika tu: "Salio 0, mdogo wangu kafaulu." Sikujua nimjibu nini huyo. Nilikaa na simu mkononi, furaha na machozi vimenishika pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa ninaandika kwa ajili ya nani.

Niliamua kitu kimoja ambacho mpaka leo ndicho ninachokishika nikiandika: asiwepo mjinga kwenye hadithi. Binti ana sababu, mama ana sababu, bosi ana sababu, mchumba ana sababu, na zote ni za kweli. Kicheko kinakuja zote zinapogonga mlango kwa wakati mmoja. Kulisema ni rahisi. Kulijua ilinibidi niishi siku moja ambayo nisingeweza kuitunga.

Mchumba wangu alikuwa wakala wa forodha Tunduma. Kazi yake inategemea malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia, na malori yale yana saa zake. Tulipendana kwa simu za saa saba usiku, yeye amesimama kando ya foleni, mimi nimejifunika blanketi ili nisimwamshe dada. Siku ya kuleta barua ya posa tuliipanga mara tatu ikaahirishwa mara tatu, mara foleni, mara mjomba wake anaumwa, mara mimi nina ukaguzi wa ofisi. Mwishowe ikaangukia Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2021. Kwa afisa mikopo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku mbaya kuliko zote. Hesabu zinafungwa, na kikundi kisichokamilisha rejesho kinahesabiwa kwenye jina lako.

Kikundi kilichobaki kilikuwa kile cha Uyole. Zilitakiwa 486,000. Asubuhi nilimpigia mama muuza viazi, ambaye wakati huo alikuwa mweka hazina, nikamwomba atume kwa simu. Akakataa. Mwezi wa saba serikali ilikuwa imeanzisha tozo mpya ya miamala ya simu, na yeye alikuwa amekaa na wenzake wakapiga hesabu ya makato na tozo juu yake. "Afisa, hiyo ni hela ya ndoo ya viazi inayopotea njiani," aliniambia. "Nitaleta mkononi." Nikamwambia leo siko ofisini, niko nyumbani Ilomba. Akasema nyumbani anapafahamu, aliwahi kuniletea viazi. Kabla sijamwambia kuna nini nyumbani, simu ikakatika.

Saa nne wageni wakafika. Mshenga alitangulia, mzee mfupi mwenye koti la kahawia, nyuma yake wazee watatu na mama mmoja aliyebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, na barua ndani yake. Kwetu msemaji alikuwa baba mdogo, kwa kuwa baba alishafariki. Mimi nilikuwa chumbani na mashangazi wawili, nimevaa gauni la kitenge, nimekatazwa kutoka mpaka niitwe. Simu nilikuwa nimeificha chini ya mto.

Nilisikia bajaji ikisimama nje. Nikasikia hodi, na sauti ya mama mdogo ikisema karibuni, karibuni, wageni bado wanaingia. Halafu nikasikia kiti kikivutwa.

Shangazi alichungulia kwenye pazia akarudi ananong'ona kwamba upande wa bwana harusi wameongeza mtu, mama mmoja wa makamo, amekuja na ndoo ya viazi na kitu kimefungwa kwenye ncha ya khanga. "Hawa watu ni waungwana," alisema, "wamekuja na chakula kabisa." Nikamwambia shangazi, huyo si wao. Akaniwekea kidole mdomoni.

Huko sebuleni mambo yalikwenda kwa heshima zote. Mama wa Uyole alikuta watu wamekaa kimya, akasalimia, akapewa kiti kati ya wageni, na kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri hakukatiza mazungumzo ya wazee. Wageni walidhani ni wa kwetu aliyekosea upande wa kukaa. Wa kwetu walidhani ni wao. Alisubiri. Baba mdogo alipouliza, kama desturi ilivyo, kwamba je, wageni wamekuja na neno gani, mshenga alikohoa kusafisha koo, na kabla hajasema, yeye akafungua ncha ya khanga, akaweka fungu la noti mezani, akasema: "Mimi nimeleta ya huyu binti. Ni 486,000. Naomba ihesabiwe, nirudi sokoni."

Nyumba ilinyamaza kabisa. Barua ilikuwa bado haijafunguliwa, mahari ilikuwa bado haijatajwa.

Baba mdogo ni mtu wa hekima. Hakuuliza chochote, aliagiza niitwe. Nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikapiga magoti, na akaniuliza lile swali ambalo binti wa kwetu huulizwa siku hiyo: "Hawa watu unawajua?"

Nilisema: "Ninawajua, baba. Lakini mama huyu ni mteja wangu, ameleta rejesho."

Nilijua nimeharibu. Mama yangu aliyekuwa mlangoni alishika fremu ya mlango. Mshenga ndiye aliyeokoa siku ile, na nitamheshimu mpaka nakufa. Alimgeukia mama muuza viazi, akamwuliza polepole: "Mama, wewe unayefanya kazi na huyu binti, unamwonaje? Sisi tunamjua kwa kusimuliwa."

Naye akajibu papo hapo: "Hela yangu anaihesabu mara mbili, na hajawahi kunipunja hata mia. Mimi ningekuwa na kijana, nisingewaachia ninyi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Barua ikafunguliwa. Nilizihesabu zile noti jikoni, mara mbili, nikamwandikia stakabadhi, na mama yake mchumba wangu akamsindikiza mpaka kwenye bajaji kama ndugu. Viazi vilibaki, tukavipika siku hiyo hiyo.

Wasomaji wangu walipoujua mkasa huu walinisihi niuandike uwe wa Atu. Nilichelewa karibu miaka miwili. Kilichonizuia ni mama, yule aliyesimama mlangoni ameshika fremu. Nilijua naweza kumfanya achekeshe. Mama mwenye haraka ya kumwoza binti yuko kwenye kila hadithi ya namna hii, na ni rahisi sana kumfanya kelele tupu. Yupo hata kwenye kitabu ambacho Fielding alichota kisa chake, Pride and Prejudice cha Jane Austen, kilichotoka mwaka 1813, na hata jina la Darcy, mwanamume anayependwa na Bridget, limetoka humo. Kuna mama mwenye mabinti watano anayewahangaikia wachumba mpaka anakera. Miaka zaidi ya 200 watu wanamcheka. Lakini kisheria nyumba ile, mume wake akifa, ilikuwa iende kwa ndugu wa kiume, na wale mabinti watano hawakuwa na pa kwenda. Yule mama hakuwa na wazimu. Alikuwa anatafuta paa.

Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini.

Baba alikufa nikiwa na miaka 14. Tulikuwa na shamba la migomba na chai Rungwe. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, ukaamua shamba liende kwa mtoto wa kiume wa baba mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa tayari inasema kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mama hakuijua, na hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Ndoa yao yenyewe ilifungwa kwa maneno na ng'ombe, na wazee walioshuhudia walikuwa wamekufa. Tuliondoka na masufuria, magodoro mawili na sanduku la vitabu vya baba.

Sanduku lile ndilo lililonifanya msomaji. Ndani yake kulikuwa na riwaya za upelelezi, pamoja na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, yenye mpelelezi wake Willy Gamba. Nilizipenda mno. Lakini hata nikiwa mtoto niliona wanawake wa riwaya zile ni warembo na wako hatarini, na hakuna hata mmoja anayetakiwa kazini Jumatatu. Nadhani hamu yangu ya kuandika ilianzia kwenye pengo hilo.

Kwa hiyo mama alipokuwa ananisukuma niolewe, alikuwa anadai barua. Kila nilipomwambia mchumba wangu ananipenda aliuliza: "Ameandika wapi?" Nilikuwa naona ananipunguzia mapenzi yangu. Sasa najua alikuwa ananitafutia kitu ambacho yeye alikikosa siku ile ya kikao cha ukoo: karatasi, mashahidi, na watu wenye majina walioketi sebuleni. Alishika fremu ya mlango kwa sababu aliona karatasi ile inataka kuponyoka.

Bosi naye nilimkosea kwenye rasimu za mwanzo. Mwaka 2022, nimeshaolewa, mama mdogo wangu alifariki Rungwe. Ndiye aliyetupokea tulipotoka shambani, nikakaa kwake miaka mitatu. Niliomba ruhusa, meneja akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye kompyuta, akanisomea: likizo ya siku 4 yenye malipo, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kwa kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama mdogo hayumo. Nilimwambia mama mdogo ni mama. Akasema anajua. Akanipa siku 3 kutoka kwenye zile 28 za likizo yangu ya mwaka, na akaniomba simu iwe wazi kwa kuwa vikundi viwili vilikuwa vinadaiwa.

Nilimchukia safari yote ya kupanda Isyonje na kushuka Kiwira, mvua inapiga vioo. Usiku ule nilimwandika kwenye daftari, nikampa pua kubwa na viatu vinavyolia. Baadaye sana, kwenye chai ofisini, aliniambia mwenyewe kwamba mwaka uliotangulia alimzika shangazi yake kwa kusikiliza ibada kwenye simu, maana mkubwa wake alikuwa amemsomea ukurasa ule ule. Nilivua vile viatu vinavyolia. Bosi wa Atu sasa ana shangazi, na ile sehemu anayosimama stoo, ameegemea makasha ya karatasi na simu sikioni, ndiyo iliyoniletea ujumbe mwingi kuliko zote.

Kuna jambo la msiba ule sitaki kulipita. Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, watani wameshaanza vituko vyao na watu wanacheka na kulia kwa zamu, Noah ilifika na gunia la viazi limefungwa juu, gunia la lumbesa, limeshonwa kichwani kwa kamba. Wakashuka wanawake sita wa kikundi cha Uyole. Mama muuza viazi alikuja akakaa nyuma yangu, akanishika mabega, akaniambia sikioni: "Lia tu, mwanangu. Rejesho limeshalipwa ofisini, stakabadhi ninayo." Alitoa ile karatasi kwenye blauzi akanionyesha. Nililia kuliko nilivyolia kaburini. Wenyeji walikuwa wanamwambia ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na yeye anauliza sufuria kubwa iko wapi.

Mtoto wangu alizaliwa mwaka 2023. Sehemu hiyo ya maisha ya Atu niliiandika haraka, kwa dole gumba moja, mtoto ananyonya: "Siku za likizo ya uzazi zilizobaki kati ya 84: 11. Saa za kunyonyesha ninazostahili kazini kila siku: 2. Umbali wa ofisi na nyumbani kwa bajaji kwenda na kurudi: saa 1 na nusu." Wanawake waliokwisha kuipita hesabu hiyo hawakuhitaji niongeze neno.

Ila mama mkwe alipokuja kutusaidia nilijifunza kitu cha mwisho. Kuna riwaya ya Allison Pearson ya mwaka 2002, I Don't Know How She Does It, inayoanza na mama mwenye kazi kubwa London akiwa jikoni usiku wa manane, anagonga vipai vya dukani ili vionekane vimepikwa nyumbani, apate kuvipeleka shuleni kwa mtoto. Niliusoma ukurasa ule nikiwa binti nikauona mbali. Halafu asubuhi moja nilijikuta nazipanga chapati za mama wa kona kwenye hotipoti langu, nazikunja pembe nne nne kama ninavyokunja zangu, nasikiliza kama mama mkwe ameshaamka. Alikula mbili kwa utulivu. Kisha akasema: "Hizi za pale kona, ana mkono mzuri. Nami nilipomzaa mumeo nilikuwa nanunua Tunduma sokoni. Mama mkwe wangu hakujua mpaka anaondoka." Tulicheka kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke. Tangu siku hiyo mama mkwe wa Atu ameacha kuwa adui. Wapo wasomaji walionilaumu kwamba hadithi imepungua utamu bila mkwe mkali. Siwezi kuwasaidia. Mkwe mkali nilimtafuta nyumbani kwangu, nikamkuta mwanamke aliyechoka kama mimi.

Ile sehemu ya posa niliiandika mwishowe, kwa usiku tatu. Nilimweka mama mlangoni, nikaweka na shamba la Rungwe, kikao cha ukoo na sanduku la vitabu. Kabla sijaituma kundini nilikwenda Ilomba nikamsomea yeye kwanza, jikoni, anapepeta mchele wa Kyela. Wasomaji wangu wengi husomewa, kama mama wa Uyole anavyosomewa na binti yake, kwa hiyo kila sehemu naisoma kwa sauti kwanza. Hii sauti ilinitetemeka. Alicheka kwenye ndoo ya viazi. Kwenye kikao cha ukoo aliacha kupepeta, ungo umetulia magotini, akatazama dirishani mpaka nilipomaliza ukurasa.

Nilimwuliza kama kuna kitu nikitoe.

Alifikiri. "Huyu mama wa Atu," alisema, "umemsimamisha mlangoni siku kubwa kama hiyo, wageni wote wanamwona, na hujasema amevaa nini. Mimi nilivaa kile kitenge cha bluu, alichoninunulia baba yako Mwanjelwa. Kiweke."

Nikatoa simu, nikarudi juu kwenye ile sentensi ya mlango, nikaandika kitenge cha bluu. Akanisomesha tena kutoka hapo.